Vyama vya mawakili, polisi na wachunguzi wa kisayansi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tabora

Maswali haya tumeyakusanya kwenye dawati la msaada wa kisheria hapa Tabora mjini. Wengine huja kutafuta wakili, wengine ni wanafunzi wa Milambo na Tabora Boys wanaotaka kazi ya upelelezi wa maabara, na wapo wauguzi na askari pia. Tulichojifunza ni kwamba anayeuliza habari za chama mara nyingi hatafuti chama. Anatafuta mtu wa kuwajibika. Kwa hiyo kila jibu linajaribu kusema chama kinafanya nini, na pale kisipohusika, nani anahusika.

## Mambo ya msingi

1. Chama cha kitaaluma ni nini, na kina tofauti gani na baraza au ofisi ya Serikali?

Chama ni umoja wa watu wa fani moja. Kinawakutanisha, kinawapa mafunzo, kinatunga miongozo ya maadili na kuwasemea wanachama wake. Kwa kawaida hakitoi leseni ya kazi, wala hakiwezi kumkamata au kumfukuza mtu kazini.

Baraza au kamati ya kisheria ni kitu kingine. Ndiyo yenye daftari la wenye ruhusa ya kufanya kazi, na ndiyo inayoadhibu. Madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika, wataalamu wa maabara za afya wana baraza lao, na mawakili wana Kamati ya Mawakili iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341.

Halafu kuna ofisi za umma zinazofanya kazi yenyewe: Jeshi la Polisi, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, TAKUKURU, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hizi si vyama hata kidogo, ingawa watu huziita hivyo wakiwa na hasira. Ukichanganya makundi haya matatu utazungushwa ofisi hadi ofisi, na kila utakakofika utaambiwa, kwa haki kabisa, kwamba si hapa.

2. Kwa kifupi, nina malalamiko. Niende wapi?

Kama ni wakili, soma swali la 6. Kama ni hakimu, la 20. Kama ni daktari au ripoti yake, la 15. Askari analalamikiwa kwa mkuu wake wa kituo, kisha wa wilaya, kisha Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya umma, Polisi wakiwemo. Ukiombwa rushwa na yeyote kati ya hao, piga TAKUKURU namba 113, bila malipo, na upige kabla hujatoa hela.

3. Nikiwa na kadi ya uanachama wa chama fulani, naruhusiwa kufanya kazi hiyo?

Hapana. Kadi inaonyesha umelipa ada na umekubaliwa na wenzako. Leseni inatoka kwa chombo cha kisheria. Wakili peke yake ndiye ambaye uanachama na leseni vinakwenda pamoja, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 4.

## Mawakili na waendesha mashtaka

4. TLS ni nini, na kwa nini kila wakili ni mwanachama?

Tanganyika Law Society, au Chama cha Mawakili Tanganyika, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1954, yaani kabla ya Uhuru. Hapo ndipo inapotofautiana na vyama vinavyoanzishwa kwa wanachama kukaa na kuandika katiba. Wakili wa Tanzania Bara anayefanya kazi ya uwakili hachagui kuwa mwanachama. Ni lazima awe. Ina matawi mikoani, na mawakili wa Tabora na wa Kigoma hukutana kupitia matawi hayo.

TLS ina majukumu mawili yanayovutana. Inalinda maslahi ya mawakili, na wakati huohuo sheria inaitaka ilinde na kusaidia umma katika masuala ya kisheria, na iishauri Serikali, Bunge na Mahakama. Ndiyo maana uchaguzi wa Rais wake hufuatiliwa hadi na watu wasio na kesi yoyote. Mwaka 2017 alichaguliwa Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani. Mwaka 2021 akachaguliwa Edward Hosea, aliyewahi kuiongoza TAKUKURU. Chama kinachoweza kuchagua watu wawili wa namna hiyo ndani ya miaka minne hakiwezi kuitwa mali ya upande mmoja, ingawa hiyo haijawazuia watu kukiita hivyo.

Zanzibar ina chama chake, Zanzibar Law Society, na Mahakama Kuu yake.

5. Nitajuaje kwamba huyu ni wakili wa kweli na si kishoka?

Swali hili tunaulizwa kuliko mengine yote, hasa na watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanaokuja mjini mara moja na kukutana na mtu mwenye tai karibu na geti la mahakama.

Shahada ya sheria haimfanyi mtu wakili. Baada ya chuo kikuu anapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha anakubaliwa na Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa kwenye Orodha ya Mawakili inayotunzwa Mahakama Kuu. Anapewa namba yake. Hata baada ya hapo lazima akate leseni kila mwaka. Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kumuuliza: namba yako ya uwakili ni ipi, na leseni ya mwaka huu umeshakata?

Usiishie kuuliza. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili, ambako unaweza kutafuta jina na kuona hali ya wakili. Kama huna simu ya kuingia mtandaoni, nenda masjala ya Mahakama Kuu, au umuombe karani wa mahakama ya wilaya akuangalizie. Wakili wa kweli hakasiriki ukimkagua. Akikasirika, umeshapata nusu ya jibu.

Dalili nyingine tumeziona wenyewe: hana ofisi, mikutano yote ni kwenye benchi chini ya mwembe, risiti ni kipande cha daftari, anasema anajuana na hakimu, na hati anayokuandikia ina muhuri uliofifia kiasi kwamba jina halisomeki. Muhuri usiosomeka kwenye kiapo unaweza kukugharimu kesi, maana hati ya kisheria iliyoandaliwa au kushuhudiwa na mtu asiye na leseni hukataliwa mahakamani, na anayeumia ni wewe, yeye ameshaondoka na basi la Nzega.

6. Wakili wangu amekula hela na hatokei mahakamani. TLS itanirudishia?

TLS haina mfuko wa kukurudishia. Inaweza kupokea malalamiko na kuwasuluhisha, na kwa ugomvi mdogo hilo linatosha: barua ya chama humfanya wakili apokee simu aliyokuwa akiikata.

Adhabu iko mikononi mwa Kamati ya Mawakili. Anaiongoza Jaji wa Mahakama Kuu, na ndani yake kuna uwakilishi wa Serikali na wa TLS. Inaweza kumpa onyo, kumsimamisha, au kufuta jina lake kwenye Orodha. Andika malalamiko yako, weka tarehe, ambatisha risiti, miamala ya simu, hati ya kesi na ujumbe mliotumiana. Hapa tusifichane: asilimia kubwa ya wanaokuja kwetu na lalamiko hili hawana hata risiti moja. Walilipa mkononi. Dai lisilo na karatasi hubaki neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

Kupoteza kesi si kosa la wakili. Kamati haisikilizi rufaa ya hukumu.

7. Sina uwezo wa kumlipa wakili. Chama gani kinanisaidia?

Inategemea kesi. Kwa kesi za mauaji na nyingine nzito zinazokwenda Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili na mahakama, na wakili huyo hulipwa na Serikali. Ndugu hawapaswi kumlipa tena pembeni. Akiomba, rudi swali la 6.

Kwa mengine kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria. Hao wamesajiliwa, wanatoa elimu na ushauri, wanakusaidia kuandika na kukuelekeza, lakini hawaruhusiwi kusimama mahakamani kukutetea wala kukutoza ada. Katika vyama, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake (swali la 9), na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu vinajulikana kwa msaada wa bure. Gerezani, Uyui kwa mfano, mahabusu aanze kwa mkuu wa gereza, kwa kuwa sheria ya 2017 inawahusu na walio kizuizini.

8. Waendesha mashtaka na mawakili wa Serikali nao wana chama?

Wanacho. Chama cha Mawakili wa Serikali kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma mwaka 2022. Kimataifa kuna International Association of Prosecutors, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Vienna na yenye makao yake The Hague. Mwaka 1999 ilipitisha viwango vya uwajibikaji wa mwendesha mashtaka, na kimoja kinatuhusu moja kwa moja: mwendesha mashtaka hatafuti ushindi kwa gharama yoyote, anatakiwa kuufichua hata ushahidi unaomsaidia mshtakiwa.

Lakini lalamiko kwamba kesi yako "imefutwa" halipelekwi kwenye vyama hivyo. Mwenye mamlaka ya kufungua, kuendesha na kuondoa mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, na ofisi yake ipo hapa mkoani.

9. TAWLA ni ya wanawake mawakili tu? Mimi mwanaume nikienda watanifukuza?

Wanachama ni wanasheria wanawake. Chama kilianzishwa mwaka 1989. Wanaohudumiwa ni habari nyingine, kipaumbele kikiwa wanawake na watoto: mirathi, matunzo, ndoa, ukatili. Baba mwenye shauri la matunzo ya mtoto hafukuzwi kwa kuwa ni baba.

## Polisi na ulinzi

10. Kwa nini askari hawana chama cha wafanyakazi kama walimu?

Kwa sababu sheria imewatoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwahusu Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza wala Jeshi la Kujenga Taifa. Askari hagomi na hajiungi na chama cha wafanyakazi. Malalamiko yake ya cheo, posho au uhamisho hupanda ngazi za amri ndani ya jeshi.

Baadhi ya nchi zina mashirikisho ya polisi yanayojadiliana na mwajiri kuhusu mishahara. Askari wetu akisoma habari zake anaweza kudhani hapa kuna kitu kama hicho kilichofichwa. Hakuna.

11. Mtandao wa Polisi Wanawake je? Si chama hicho?

Ni mtandao wa kikazi ndani ya jeshi, ulioanzishwa mwaka 2007, na wengi wanaujua kwa kifupi cha TPF-Net. Unawajengea uwezo askari wa kike na umehusishwa sana na kazi za madawati ya jinsia na watoto vituoni. Haujadili mishahara. Duniani upo umoja wa polisi wanawake, International Association of Women Police, wenye asili yake mwaka 1915.

Raia hajiungi na TPF-Net. Akiwa na tatizo la ukatili, aulizie dawati la jinsia kituoni.

12. Interpol, SARPCCO na EAPCCO: naweza kujiunga, au kuwapelekea kesi yangu?

Huwezi, na huhitaji. Wanachama wa mashirika hayo ni nchi au majeshi ya polisi. Interpol ilianzia Vienna mwaka 1923, makao yake sasa ni Lyon, Ufaransa, na ina nchi wanachama 196. SARPCCO inaunganisha wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika tangu 1995, na EAPCCO wa mashariki mwa Afrika tangu 1998. Tanzania imo kote.

Mtu wa Kasulu aliyeibiwa gari na kuambiwa limevushwa Burundi hupenda kuuliza "ofisi ya Interpol Kigoma" iko wapi. Njia ni kituo cha polisi alichopo. Anafungua jalada, anatoa namba ya chesisi na ya injini pamoja na kadi ya gari, na Polisi ndio wanaopeleka taarifa kwenye ofisi ya kitaifa ya Interpol iliyo ndani ya Jeshi la Polisi, ambayo huingiza gari kwenye kanzidata ya magari yaliyoibwa. Bila namba ya chesisi hakuna kinachoingizwa, kwa hiyo piga picha kadi ya gari leo na uihifadhi.

Na ile "notisi nyekundu" inayotajwa redioni ni ombi kwa polisi wa nchi nyingine wamtafute na wamshikilie mtu wakisubiri taratibu za kumrejesha. Si hati ya kimataifa ya kukamata; kila nchi huamua yenyewe kwa sheria zake.

Mashirika ambayo askari mmoja mmoja hujiunga kwa hiari ni ya namna nyingine. International Association of Chiefs of Police ilianza Chicago mwaka 1893. International Police Association ilianzishwa mwaka 1950 na sajenti wa Uingereza, Arthur Troop, na lengo lake ni urafiki baina ya askari, si operesheni.

13. Sungusungu ni chama cha kitaaluma?

Wazee wa Unyamwezi watatabasamu wakisoma swali hili, maana jambo lenyewe lilizaliwa huku, maeneo ya Tabora na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda wenye mamlaka. Lilikuwa na viongozi wake, viapo vyake na filimbi zake usiku. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na sungusungu wakapata nguvu ya kisheria ya kukamata.

Kukamata, si kuhukumu. Hawana mamlaka ya kumchapa mtu, kumtoza ng'ombe wa faini wala kumfukuza kijijini. Anayekamatwa apelekwe polisi mara moja. Kwa maoni yetu kikundi kinachomlinda jirani yake kinastahili heshima, lakini jina la taaluma linahitaji mafunzo, maadili yaliyoandikwa na mahali pa kulalamika, na hicho cha mwisho ndicho mwananchi wa kijijini hukikosa zaidi.

## Uchunguzi wa kisayansi

14. Nani hasa hufanya uchunguzi wa kisayansi wa jinai nchini?

Wengi hudhani ni ofisi moja. Polisi wana kamisheni yao ya uchunguzi wa kisayansi: alama za vidole, silaha na risasi, maandishi na saini zinazobishaniwa, vifaa vya kielektroniki. Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake ina historia inayorudi nyuma hadi mwaka 1895 enzi za Wajerumani na ambaye Mamlaka yake ya sasa iko chini ya sheria ya mwaka 2016, hupima sumu, dawa za kulevya, kemikali na vinasaba. Miili na majeraha ni kazi ya madaktari.

Kwa hiyo hakuna kadi moja ya chama inayowafunika wote hao. Daktari ana Chama cha Madaktari Tanzania na baraza lake. Askari wa alama za vidole yuko chini ya amri ya jeshi. Mkemia ni mtumishi wa Mamlaka. Ukitaka kupinga ripoti, uliza kwanza imesainiwa na nani kati ya hao.

15. Nimeshambuliwa. Daktari wa hospitali ya Kitete amejaza PF3 vibaya au amekataa kujaza. Chama cha madaktari kinasaidiaje?

PF3 ni fomu ya Polisi inayojazwa na mtaalamu wa afya. Anza na mganga mfawidhi wa hospitali; makosa mengi ya kuandika hurekebishwa hapo. Ukiona ni uzembe au rushwa, malalamiko huenda Baraza la Madaktari Tanganyika. Chama cha Madaktari kazi yake ni kuwasemea madaktari. Usitarajie kiwe hakimu wao.

Kama ni kosa la kujamiiana, usisubiri kugombana na mtu kuhusu fomu. Usioge, usifue nguo ulizovaa, zifunge kwenye karatasi au mfuko wa kaki badala ya nailoni, kwa sababu unyevu ndani ya nailoni huharibu vinasaba. Fika hospitali mapema iwezekanavyo; dawa za kukinga VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72.

Mahakamani, ripoti ya daktari inaweza kupokelewa bila yeye kuwepo, lakini mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari huyo aitwe ahojiwe, na mahakama inapaswa kumweleza haki hiyo. Hukumu zimeporomoka kwenye rufaa kwa sababu hakuelezwa.

16. Nataka kipimo cha DNA cha mtoto. Naweza kujiunga na chama fulani nipate kwa urahisi, au niende mwenyewe?

Hakuna chama kinachokupitisha mkato. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inataka ombi litoke kwa mamlaka inayotambulika: mahakama, Polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, au wakili. Huendi na nywele za mtoto kwenye bahasha. Kwa wengi wa Tabora njia rahisi ni ofisa ustawi wa jamii wa manispaa au wa halmashauri yako. Sampuli hukusanywa na watu wenye ruhusa, kwa kawaida pamba inayopitishwa ndani ya shavu, na wahusika wote wakiwepo na vitambulisho.

Majibu nayo hupitia kwa aliyeomba, hayatumwi kwa simu. Anayekuahidi majibu ya siri kwa siku mbili mtaani Isevya anakuuzia karatasi.

17. Sampuli inasafiri kutoka Tabora hadi maabara. Ikibadilishwa njiani, nani anawajibika?

Kila aliyeishika. Kielelezo kinapokamatwa hujazwa hati ya ukamataji mbele ya shahidi, kinawekwa kwenye bahasha, kinafungwa kwa lakiri, kinaandikwa namba ya kesi na kupelekwa kwa mtunza vielelezo. Akikitoa, anaandika amempa nani, lini, kwa kazi gani. Anayekipeleka maabara anasaini. Mkemia anayekipokea anaangalia lakiri kama haijavunjwa, naye anasaini. Mkemia hapimi kabla hajaridhika na bahasha.

Mahakama ya Rufani ililieleza hili katika shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007: lazima kuwe na kumbukumbu ya mfuatano inayoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kutunzwa, kuhamishwa, kupimwa na kufikishwa mahakamani. Maamuzi ya baadaye yamekubali kwamba kitu kisichobadilishwa kirahisi hakihitaji ukali uleule. Gunia la bhangi lenye pengo la siku tatu kwenye daftari linaleta mashaka. Pembe ya ndovu yenye alama ya pekee, kidogo zaidi.

Kama unaona mlolongo una pengo, mwambie wakili wako alisemee kesini. Kulalamika kwenye chama hakurudishi daftari nyuma.

18. AAFS, IAI, IAFS: vyama hivi vya kimataifa vina faida gani kwa mtu wa Tabora?

American Academy of Forensic Sciences ilianzishwa mwaka 1948. Makao yake ni Colorado Springs, na imegawanyika kwa vitengo kama sumu, patholojia, meno, maandishi na sheria. International Association for Identification ni ya mwaka 1915, ilianzia California kwa watu wa alama za vidole. Uingereza kuna chama kilichoanza mwaka 1959, leo kinaitwa Chartered Society of Forensic Sciences. International Association of Forensic Sciences hufanya mkutano mkubwa kila baada ya miaka mitatu. Vingi vina ngazi ya wanafunzi yenye ada nafuu, na faida yake ni majarida, mikutano na watu wa kuwauliza.

Thamani yao kubwa ni kukosoana. Mwaka 2004 FBI ilitangaza kwamba alama ya kidole iliyopatikana baada ya milipuko ya treni Madrid ni ya wakili wa Oregon, Brandon Mayfield. Akawekwa ndani. Polisi wa Hispania wakaonyesha ni ya mtu mwingine kabisa, na FBI ikaomba radhi. Mwaka 2009 jopo la wanasayansi wa Marekani likatoa ripoti nzito: ukiacha vinasaba, mbinu nyingi zinazotumika mahakamani, alama za meno na ulinganishaji wa nywele zikiwemo, hazikuwa zimepimwa vya kutosha. Vyama vilivyoona haya vilibadili lugha ya ripoti zao. Mtaalamu anayesema "asilimia mia" bila kusita ametengana na wenzake kitambo.

19. Nimeona mtandaoni kozi ya kunipa cheti cha "mtaalamu wa uchunguzi wa jinai" kwa wiki chache. Nilipie?

Kwanza tazama swali la 3. Kisha jua kisa hiki: mwaka 2012 waandishi wa ProPublica nchini Marekani walieleza jinsi mwanafunzi wa uandishi wa habari, asiye na historia yoyote ya maabara, alivyopata cheti cha ushauri wa uchunguzi wa kisayansi kwa kozi na mtihani wa mtandaoni, baada ya kulipa dola 495.

Chama makini hutenganisha uanachama na uthibitisho wa ujuzi. IAI, kwa mfano, ina mitihani ya wachunguzi wa eneo la tukio na wa alama za vidole, na inadai uzoefu wa kazi kabla ya kukaa mtihani. Ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, nayo hupewa maabara, siyo mtu. Anayejitangaza kuwa "ana ISO" hajui anachosema au anakudanganya.

Kwa kijana wa kidato cha sita, hela hiyo ingemfaa zaidi kwenye ada ya chuo. Njia za kweli ni kemia, baiolojia ya molekuli, maabara ya tiba, udaktari kisha patholojia, TEHAMA, au kujiunga na Polisi na kuchaguliwa kwenda kitengo cha uchunguzi. Madaktari wa patholojia ni wachache sana nchini, na mikoa kama yetu inawahitaji kuliko inavyohitaji vyeti vya ukutani.

## Yale yasiyo ya kawaida

20. Hakimu amenikosea. Nipeleke kwenye chama cha majaji na mahakimu?

Hapana. Chama cha Majaji na Mahakimu Tanzania, na kile cha majaji na mahakimu wanawake, TAWJA, ni vya wanachama wao. Kama huridhiki na hukumu, kata rufaa, na uangalie siku, kwa sababu muda wa rufaa haungoji mtu amalize kulalamika. Kama ni mwenendo wake, yaani lugha chafu, upendeleo, uchelewaji wa makusudi, zipo kamati za maadili ya maafisa wa mahakama chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011: ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, ya mkoa na Mkuu wa Mkoa. Watu wachache sana wanajua kamati hizi zipo.

21. Ndugu yangu wa Kigoma anataka wakili wa Burundi amtetee. Si wote wako East Africa Law Society?

East Africa Law Society, ya Arusha, ilianzishwa mwaka 1995 na inaunganisha vyama vya mawakili vya ukanda huu. Uanachama wake haumpi mtu haki ya kusimama mbele ya mahakama ya Kigoma. Anayetetea kesi hapa lazima aruhusiwe chini ya Sheria ya Mawakili ya Tanzania Bara. Wakili wa Burundi anaweza kumshauri wakili wa hapa, hasa kama vielelezo viko ng'ambo ya mpaka. Kigoma ina masjala yake ya Mahakama Kuu siku hizi, kwa hiyo kuulizia hakumlazimu tena kupanda treni kuja Tabora.

22. Upande wa mashtaka una mkemia wao. Mshtakiwa anaweza kuleta mtaalamu wake?

Anaweza. Sheria ya Ushahidi inapokea maoni ya mtu yeyote mwenye ujuzi maalumu, bila kujali nani amemlipa. Mahakama itaangalia elimu yake, uzoefu wake na njia aliyotumia. Uanachama wa chama ni nyongeza ndogo tu. Na hakimu hafungwi na maoni ya mtaalamu yeyote, wa Serikali au wa utetezi, mradi atoe sababu za kuyakataa.

Ugumu uko kwenye gharama na kwenye kielelezo chenyewe. Kama sampuli iliisha kwenye kipimo cha kwanza, mtaalamu wako atabaki kuchambua karatasi. Wakili na aombe mapema, kesi ikiwa bado kwenye kutajwa, kwamba sehemu ya sampuli ihifadhiwe.